Re: Taa ya Paulding ni mzimu kweli au macho yanatudanganya?

Mkuu salama. Umesema umeona video ya ile taa ya Paulding kule Michigan, Marekani, inawaka na kuzima juu ya miti, na unataka kujua kama kweli ni mzimu wa yule mtu wa breki (mfanyakazi wa treni anayeshughulikia breki) aliyekufa akisimamisha treni na kandili yake mkononi.

Kabla ya mzimu angalia barabara kwanza. Mwaka 2010 wanafunzi wa chuo kikuu cha Michigan Tech walipeleka darubini pale pale watu wanaposimama, wakachungulia wakaona magari kabisa yanapita barabara kuu ya US 45 kilomita kama 7 hivi mbele, halafu mwenzao akaendesha gari kipande kile huku akiwasha hazadi (zile taa za dharura za kupepesa) na "mzimu" nao ukaanza kupepesa hahaha.

Mimi nilishawahi kukesha kwenye njia ya reli iliyong'olewa, nikaona taa nikakimbia, kesho yake mchana nikarudi na ramani nikakuta njia imenyooka mno inaelekea mteremko wa barabara. Kwa hiyo kwanza chora mstari kwenye ramani kutoka unaposimama kuelekea taa inakoonekana, pili ukiwa na darubini usitumie macho matupu, umbali unaunganisha taa mbili kuwa moja.

Ila ile taa nyingine ya Maco, North Carolina, inayosemwa ni ya Joe Baldwin, mfanyakazi wa reli aliyekatwa kichwa kwenye ajali na sasa anakitafuta, hiyo siiwezi. Reli ziling'olewa 1977 na taa nayo ikapotea, sasa utaipimaje?

Video yako imepigwa ukielekea upande gani?