Majeruhi Anayeongea Mwacheni Kitini

SWALI: Barabara ilikuwa imeganda barafu. Gari la mbele yetu liliteleza likagonga nguzo. Dereva alikuwa anaongea, ila akilalamika shingo. Tulimvuta nje, tukamlaza pembeni, mmoja wetu akampa pombe kali kidogo apate joto. Ambulensi ilifika baada ya nusu saa. Tulikosea?

JIBU: Kusimama mlifanya vyema, wengi hupita. Lakini kila majira ya baridi napokea majeruhi waliokwisha kuvutwa, kukalishwa na kunyweshwa kabla hatujafika, nami nimechoka kueleza.

Anayeongea anapumua, kwa hiyo muda upo. Mfupa wa shingo ukivunjika, mishipa ya fahamu iliyomo ndani yake huenda bado ni mizima. Kinachoiharibu ni huko kuvutwa mabega mlangoni. Mtoeni tu ikiwa gari linawaka, linazama, au hapumui na hamwezi kumhudumia kitini. Baridi siyo sababu. Mfunikeni palepale kwa blanketi na makoti, mvisheni kofia bila kumgeuza kichwa, fungeni milango, na mmoja akae kiti cha nyuma akimshikilia kichwa kwa mikono miwili, kisitikisike. Mkimlaza chini, ardhi yenye barafu hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa iliyotulia ndani ya gari.

Pombe hupanua mishipa ya damu ya ngozi: anahisi joto, kumbe joto ndilo linamtoka. Na akihitaji upasuaji, anaweza kutapika akiwa kwenye usingizi wa dawa, matapishi yakaingia mapafuni. Hata chai msimpe.

Halafu kuna mafundi wa kunyoosha shingo! Niliwahi kumkuta mmoja ameshika kichwa cha majeruhi "akirudishe mahali pake". Nilimfukuza, na kesho nikimkuta nitamfukuza tena.

Hilo la "pembeni" ndilo linalonitisha zaidi. Kwenye barafu gari linaweza kuhitaji hadi mara kumi ya umbali wa kawaida ili lisimame, na palipoteleza la kwanza, la pili hufuata njia ileile. Kabla ya kumkaribia majeruhi, washeni taa za tahadhari, wekeni pembetatu mbali kabisa nyuma, kisha wasio na kazi wasogee nje ya barabara, nyuma ya kingo za chuma kama zipo. Nyinyi kwa nusu saa hiyo mlikuwa mmesimama wapi?