Jibu: Kayaki siku moja Fisheating Creek, je, mgeni ataweza?

Shikamoo dada. Umeuliza kama mtu asiyewahi kupiga kafi anaweza kwenda Fisheating Creek, Florida, na kurudi siku hiyo hiyo. Anaweza kabisa. Anza Burnt Bridge, teremka na maji hadi Palmdale: maili 8, karibu kilomita 13. Mkondo ni mpole, lakini jipe siku nzima, maana kijito kinajigawa katikati ya misaiprasi, miti inayoota majini, na njia ya kweli hujificha. Mimi njia ikinipotea hutulia, naangalia majani yanayoelea yanaelekea wapi, ndipo nafuata.

Kabla ya yote uliza kina cha maji. Kijito hiki hutegemea mvua, na ndicho pekee kinachoingia Ziwa Okeechobee bila kuzuiwa na bwawa. Kiangazi kikikaza, Aprili hivi, utaburuta kayaki mchangani kuliko kuipanda. Maji yakiwa mengi mno, njia nayo inapotea msituni.

Hayo maji ni meusi kama chai ya rangi kwa sababu ya majani yaliyooza, si uchafu. Pembeni utaona "magoti" ya misaiprasi, vigingi vinavyochomoza kutoka mizizini. Usivikanyage wala kuvigonga, tafadhali. Miti ile ni ya heshima.

Aligeta, jamii ya mamba, wapo, tena wengi. Wape nafasi, usiwalishe, na mtoto asitumbukize mkono majini. Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe.

Mkienda Julai, inueni macho: mwewe wenye mkia uliogawanyika kama wa mbayuwayu hukusanyika huko kabla ya kuhamia Amerika ya Kusini.