Bwana Miti anajibu: kilimo, misitu au botania?

Matokeo ya mitihani yakishatoka, maswali ya vyuo huwa mengi kuliko ya viwavijeshi. Leo viwavi wasubiri.

*Shikamoo Bwana Miti. Nina D nne za kidato cha nne, zikiwemo Baiolojia na Kemia, na C ya Kiswahili. Nataka kilimo, ila nyumbani wanataka nirudie mtihani. (Kijana, Kahama)*

Marahaba mwanangu. Usirudie kwa kuwaonea aibu watu wa nyumbani. Vyuo vya kati hutaka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na wewe unayo. Angalia tu kila kozi inataka masomo gani. Utaanza ngazi ya 4, mwaka wa pili ngazi ya 5 ambayo ni astashahada, wa tatu ngazi ya 6, stashahada. Ukitoka na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 au zaidi, unaweza kuomba shahada. Hao waliopita njia hiyo nawapenda sana kwenye vitendo. Wamekwisha kupandikiza miembe na kupima rutuba ya udongo, wakati mwenzao wa kidato cha sita bado anashika panga kama kijiko. Kwa ulipo, anza kutazama vyuo vya Ukiriguru kule Mwanza na Tumbi kule Tabora. Ukipenda umwagiliaji, nenda Igurusi, Mbeya.

*Binti yangu amepata nafasi ya shahada ya misitu SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Baba yake anauliza: mtoto wa kike ataenda kulala porini? (Mama, Iringa)*

Atalala, mama, tena kwenye hema, na wenzake wengi wa kike watakuwepo. SUA ina msitu wa mafunzo Olmotonyi, kwenye miteremko ya Mlima Meru, na mwingine wa asili Mazumbai, Usambara. Huko atafunga utepe kwenye shina mita 1.3 kutoka ardhini, apate kipenyo, apime urefu, kisha akokotoe ujazo wa mbao kabla mti haujaguswa na msumeno. Wengi hudhani misitu ni kutembea kivulini, kumbe kuna hesabu na takwimu za kutosha kumkosesha mtu usingizi.

Kingine ni majina. Mimi mtihani wangu wa kwanza wa kutambua miti nilianguka. Niliandika mkongo na mbambakofi kama miti miwili. Mwalimu akachora mstari mwekundu, kwa kuwa yote miwili ni *Afzelia quanzensis*. Tangu siku ile nikaelewa kwa nini tunasumbuliwa na Kilatini. Kuhusu kazi, ninyi wa Iringa mnaishi jirani na shamba la miti la Sao Hill. Baba yake aulize zile nguzo za umeme na mbao za misonobari zinapita mikononi mwa nani, tangu kitaluni hadi kiwandani.

*Nimepangiwa botania (sayansi ya mimea), nilitaka kilimo. Nihame? (Mwanafunzi, Dodoma)*

Kama unataka kazi ya ugani vijijini, hama mapema. Tangazo la kazi lenye neno botania ni la kuvizia, sikufichi. Lakini usiihame kwa kudhani ni somo la kukariri majani. Flora ya Afrika Mashariki ya kitropiki, yaani vitabu vya kuorodhesha na kueleza mimea, inayohusu Tanzania, Kenya na Uganda, ilianza kuchapishwa mwaka 1952 ikakamilika 2012, na ndani yake mna aina 12,104 za mimea. Kila aina mtu aliichuma, akaikausha, akaieleza. Lile ua la zambarau, *African violet*, linalouzwa kwenye vyungu Ulaya nzima asili yake ni Tanga. Mjerumani Saint Paul-Illaire aliliokota mwaka 1892. Na mtaalamu wa mimea ndiye anayejua gugu lililoingia na shehena ya mbegu ni lipi. Ukiongeza shahada ya pili ya magonjwa ya mimea au mbegu, utaheshimika.

*Kuna chuo kipya mtaani kwetu. Usajili wanasema uko mbioni, ada nusu walipwe sasa. (Mzazi, Kibaha)*

Usilipe. Tafuta jina la chuo na la kozi yenyewe kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi. Halimo? Ada ibaki mfukoni.

*Nina miaka 41, elimu yangu darasa la saba, mizinga 60. Naweza kusomea nyuki? Na asali yangu imeganda, imeharibika? (Mfugaji, Sikonge)*

Kwa cheti cha kawaida utadaiwa kidato cha nne. Lakini Chuo cha Ufugaji Nyuki kipo hapo hapo Tabora. Nenda ukaulizie mafunzo mafupi, na ubebe nta yako waione. Mwenye mizinga 60 hatakuwa mgeni darasani. Asali haijaharibika, kuganda ni kawaida yake. Iweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu mpaka iyeyuke, usiibandike jikoni.