Mama amebadilika ghafla

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 91, ana ugonjwa wa kusahau, kisukari na presha. Tangu juzi hatambui mtu. Mchana analala, usiku anapiga kelele. Ndugu zangu wanasema ni uzee tu, tumwache. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Hapana, msimwache! Ugonjwa wa kusahau huzidi kwa miezi na miaka. Aliyebadilika ndani ya siku mbili ana jambo jingine juu yake. Mpimeni sukari sasa hivi, maana ikishuka huvuruga akili, kisha mfikisheni hospitali leo leo. Huko wataangalia maambukizi ya mkojo au mapafu (kwa umri huo homa huenda isionekane kabisa), upungufu wa maji, kiharusi, hata choo kigumu. Bebeni dawa zake zote, pamoja na mlizojinunulia wenyewe. Mimi huzishuku sana za mafua na za usingizi: baadhi huwachanganya wazee vibaya. Asipewe ya kumtuliza kabla hajapimwa. Na miwani yake, je, anavaa? Mzee asiyeona vizuri huchanganyikiwa upesi zaidi.