Ukienda kwenye besiboli, macho yasigande kwenye mpira

Ndugu na marafiki wanaofika huku Baltimore, Marekani, kutoka nyumbani huniuliza swali lile lile: huu mchezo wa kusimama-simama una utamu gani? Huwa sibishani nao. Mtu aliyekulia kwenye kelele za Simba na Yanga akiwasha televisheni akakuta jamaa anatema mate, anarekebisha kofia, anamkodolea macho mwenzake, ana kila haki ya kubadilisha chaneli. Hata mimi besiboli ya kwenye televisheni naiangalia huku napiga pasi. Ya uwanjani ndiyo ninayoilipia tiketi, na nawashauri wenzangu wailipie walau mara moja, hasa sasa. Mchezo wa miaka hii umebadilika, na kwa mgeni umebadilika kwa uzuri.

Tatizo la televisheni ni kamera. Muda mwingi inaonyesha watu wanne tu: mrushaji, mpigaji, mdakaji na mwamuzi aliyechutama nyuma yao. Walinzi saba waliobaki hawapo kwenye picha, na mchezo mtamu wanao wao. Uwanjani unawaona wote.

Kwa asiyejua kabisa, mambo ya kumtosha kuanzia ni haya. Timu moja inapiga, nyingine inalinda. Mrushaji anasimama kama mita 18 na nusu kutoka kwa mpigaji. Mpigaji akishindwa mara tatu ni auti. Mrushaji akirusha mipira minne mibovu, yaani inayopita nje ya eneo la kupigia, mpigaji anakwenda besi ya kwanza bure. Besi ziko kwenye pembe nne za mraba, mita 27 na kitu kutoka moja hadi nyingine, na bao ni kuzizunguka zote mpaka urudi nyumbani. Auti tatu, mnabadilishana zamu. Awamu tisa, basi. Aliyewahi kuwatazama Wahindi wa Dar wakicheza kriketi atashika upesi zaidi, ila asitegemee mapumziko ya chai.

Sasa kiti. Wageni hukimbilia viti vya chini kabisa karibu na nyasi, vinavyoumiza mfuko, kisha hawaoni kitu zaidi ya migongo ya watu na wavu. Mimi nakwenda ghorofa ya juu, nyuma ya besi ya nyumbani. Bei yake nafuu, na ukiwa pale uwanja wote uko mbele yako kama ramani iliyotandazwa mezani. Camden Yards, uwanja wa Orioles, timu yetu ya Baltimore, uliofunguliwa mwaka 1992, una jambo lake jingine: mechi za jioni wakati wa joto, jua linazamia upande wa besi ya tatu, kwa hiyo upande huo ndio unaopata kivuli mapema. Ukinunua kiti cha upande wa besi ya kwanza mwezi wa Julai kwa sababu ndiko wanakokaa wachezaji wa nyumbani, beba kofia na moyo wa subira.

Ukishakaa, jizoeze kitu kimoja. Mpira ukipigwa juu, usiufuate. Mtazame mlinzi wa nje, mmoja wa wale wanaosimama mbali karibu na ukuta, aliye upande unakoelekea. Wageni wote huinuka na kupiga kelele kila mpira unapopaa, halafu unaishia kwenye glavu ya mtu aliyekuwa anatembea tu. Mlinzi akienda polepole huku kichwa kiko juu, kaa, kunywa soda yako. Akigeuka akaupa uwanja mgongo na kuanza kukimbilia ukuta, hapo inuka. Na akisimama ghafla, mikono imelegea, akiangalia juu ya ukuta, hiyo ni homurani, yaani mpira umevuka ukuta na mpigaji anazunguka besi zote, hakuna haja ya kusubiri mtangazaji.

Kabla mpira haujarushwa napo kuna ya kuona. Walinzi wa ndani, wale wanaosimama karibu na besi, husogea hatua moja au mbili kulingana na nani anapiga. Zamani walihama kwa makundi, watatu wakirundikana upande mmoja kwa sababu kompyuta imewaambia mpigaji huyu hupiga huko. Mwaka 2023 hilo likapigwa marufuku: lazima wawili wawe kila upande wa besi ya pili. Mpira ukipigwa mbali mtu akiwa tayari kwenye besi, mtafute mrushaji. Utadhani kazi yake imekwisha, kumbe anakimbilia nyuma ya besi ya tatu au ya nyumbani ili mpira ukimpita mwenzake yeye auzuie. Kwenye televisheni hizi mbio huzioni.

Mwaka huo huo wa 2023 ndio ulioleta saa, na hapo ndipo ugomvi wa wazee wa mchezo huu ulipoanzia. Mrushaji alipewa sekunde 15 za kurusha kama besi ziko tupu, na 20 kama kuna mtu, nazo zikapunguzwa kuwa 18 mwaka uliofuata. Mpigaji naye lazima awe tayari zikiwa zimebaki 8. Anayechelewa anaadhibiwa. Mechi ya awamu tisa iliyokuwa inachukua wastani wa saa tatu na dakika kama nne mwaka 2022 ilishuka hadi saa mbili na dakika 40. Wapo waliolia kwamba mchezo huu sifa yake ilikuwa kutokuwa na saa. Nawaelewa, lakini kilichoondolewa ni kule kufunga na kufungua glavu, si mchezo. Hata bia ilitikisika: baadhi ya timu zilisogeza mwisho wa kuiuza kutoka awamu ya saba hadi ya nane, kwa kuwa mechi zilikuwa zinaisha kabla watu hawajamaliza kutumia.

Kwa anayekwenda uwanjani, maana yake ni kwamba chakula kinunuliwe mapema. Zamani ungeweza kupanga foleni ya soseji, ukapiga stori, ukarudi ukakuta mpigaji yule yule. Leo ukitoka katikati ya awamu unaweza kurudi ukakuta mabao matatu ubaoni na jirani yako hana muda wa kukusimulia. Mimi hununua karanga za maganda nje, kwa wachuuzi wanaopanga bidhaa zao kando ya njia ya kuingilia, kwa sababu ndani bei inaruka. Camden Yards wanaruhusu chakula cha kutoka nje na maji ya chupa ya plastiki ambayo haijafunguliwa. Sambusa za nyumbani zimeingia pale na hakuna aliyezuia. Viwanja vingine vina sheria zao, kwa hiyo soma kabla hujakaanga.

Baba yangu mdogo alipokuja kututembelea kutoka Tanga nilimpeleka, na tarehe iliangukia 15 Aprili. Baridi ilikuwa ya kuuma, tukajifunika blanketi moja. Wimbo wa taifa ulipofika mahali fulani uwanja mzima ukafoka "O!", ambayo ni desturi ya mashabiki wa Orioles, mzee nusura amwage kahawa. Kisha wachezaji wakaingia. Akaangalia, akavua miwani akaifuta, akaangalia tena.

"Mwanangu, mbona wote namba 42? Sasa mtu akifanya kosa, refa anamwandikaje?"

Nikamweleza kwamba siku hiyo, mwaka 1947, Jackie Robinson alicheza mechi yake ya kwanza na Brooklyn Dodgers, akavunja ukuta wa rangi uliokuwa umewafungia Weusi nje ya ligi kuu kwa miongo mingi. Kabla yake Weusi walikuwa na ligi zao. Hapa Baltimore walikuwa na Elite Giants. Namba yake ilistaafishwa na timu zote mwaka 1997, na sasa kila tarehe hiyo wote wanaivaa. "Kumbe," akasema. "Basi niletee na mimi fulana yake." Bei ya fulana dukani tuiache.

Baba mdogo aliwahi kufundisha mpira wa shule, na mwalimu wa mpira hamtazami aliye na mpira. Awamu ya nne akanigusa bega: "Yule kijana wa pale kwenye besi ya kwanza ana jambo lake." Mimi nilikuwa namwangalia mpigaji. Kijana kweli alikuwa amesogea hatua tatu, nne, magoti yamekunjwa, vidole vinacheza. Mrushaji akageuka akamrushia mwenzake wa besi ya kwanza. Kijana akajitupa, akarudi salama. Mara ya pili vile vile. "Sasa ataondoka," akasema mzee. Akaondoka. Akaingia besi ya pili kwa kuteleza kifudifudi, vumbi juu, mwamuzi akatandaza mikono kuonyesha yuko salama. Mzee alishangilia kana kwamba yeye ndiye aliyemfundisha.

Hakujua kwamba alikuwa ametabiri kwa mujibu wa sheria mpya. Siku hizi mrushaji anaruhusiwa kujitoa mahali pake pa kurushia au kumrushia mtu wa besi mara mbili tu kwa kila mpigaji. Akijaribu ya tatu bila kumpata, mkimbiaji anapewa besi bure. Kwa hiyo baada ya ya pili, mkimbiaji anajua mwenzake amefungwa mikono. Besi zenyewe nazo zilikuzwa, kutoka sentimita 38 hadi kama 46 kila upande, ikapunguza kidogo umbali wa kukimbia. Matokeo yake wizi wa besi, yaani kukimbilia besi inayofuata bila kusubiri mpira upigwe kama alivyofanya yule kijana, uliokuwa 2,486 katika ligi nzima mwaka 2022 ulipanda hadi 3,503 mwaka 2023. Wataalamu wa hesabu walikuwa karibu kuuua kabisa, maana waliona mpigaji anayelenga homurani analipa zaidi hata akikosa kila mara. Mwaka 2018, kwa mara ya kwanza katika historia ya ligi kuu, waliokosa mpaka auti walizidi mipira iliyopigwa ikaleta besi. Kulipa hela kwenda kutazama watu wakikosa, hapana. Kwa hili nawashukuru waliobadilisha sheria.

Nenda na penseli. Karatasi ya kuandikia mechi hupatikana uwanjani, au unachapa yako nyumbani. Kila mlinzi ana namba ya nafasi yake, ambayo haihusiani na ile ya mgongoni: mrushaji 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, na kuendelea. Ukiandika 6-4-3 umesimulia kisa kizima: mlinzi aliye kati ya besi ya pili na ya tatu aliokota mpira, akampa wa besi ya pili, naye akautupa kwa wa besi ya kwanza, watu wawili wakatoka kwa mpira mmoja. Mpigaji aliyeshindwa kwa mapigo matatu anaandikwa K, na kama alisimama tu bila kurusha gongo, K inageuzwa uso nyuma. Penseli inakulazimisha kuwatazama wale wote uliokuwa unawapuuza, na watoto wanaipenda kuliko simu, angalau mpaka awamu ya tano. Tukiwa kwenye simu: ukikaa pembeni nje ya eneo la wavu, iweke mfukoni. Mpira uliopigwa kombo unakuja kwa kasi na haupigi hodi.

Jambo moja linalowapendeza watu wetu ni kwamba mashabiki hawatenganishwi. Mtu wa New York anakaa katikati ya familia ya Baltimore, wanataniana kwa muda wa saa mbili na nusu, wanagawana karanga. Besiboli hata hivyo si ngeni kwetu kama tunavyodhani. Watoto wa Lugazi, Uganda, walifika Williamsport, Pennsylvania, mwaka 2012 wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya ligi ya watoto, na mwaka 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini akawa mzaliwa wa kwanza wa bara letu kucheza ligi kuu ya Marekani.

Kuna mabadiliko ambayo siyapendi. Mechi ikienda sare mpaka awamu ya kumi, kila timu inaanza ikiwa na mtu besi ya pili ambaye hakufanya lolote kufika pale. Ilianza mwaka wa korona, ikabaki. Ni kama kumpa mtu nusu ya bao kwa sababu watu wamechoka. Lakini hii mpya ya msimu wa 2026 nimeipokea kwa mikono miwili: mpigaji, mrushaji au mdakaji akiona mwamuzi amekosea kuhusu mpira kupita ndani au nje ya eneo la kupigia, anajigonga kofia, na kamera zinaamua papo hapo. Kila timu inaanza na rufaa mbili, na ikishinda rufaa inabaki nayo. Uwanjani jibu linatokea kwenye skrini kubwa, na zile sekunde chache za kusubiri watu elfu kadhaa wanageuka waamuzi.

Ukiona tiketi za ligi kuu zinakushinda, hasa ukiwa na watoto watatu, nenda madaraja ya chini, yaani ligi ndogo. Kutoka kwetu ni mwendo mfupi hadi mji wa Bowie, kiti kizuri hakikutoi jasho, na wachezaji wako karibu kiasi cha kusikia wanavyogombana na mwamuzi. Na huko ndiko sheria hizi zilikopikwa: saa ya mrushaji ilikuwa inatumika kwenye madaraja mawili ya juu ya ligi ndogo tangu 2015, miaka minane kabla ya wakubwa, na kamera za kuamua mipira nazo zilipitia huko kwanza.