Re: Mama amesajiliwa SHA lakini anaitishwa pesa za dayalisisi
Habari ndugu. Unauliza kwa nini kituo kinamtaka mama alipe taslimu kila akienda kusafishwa damu ilhali amesajiliwa SHA (mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya). Anza kwa kupiga *147# kwenye simu uangalie hali yake SHA. Usajili peke yake haufungui malipo ya dayalisisi: kwa asiye na mshahara, lazima tathmini ya uwezo wake ikamilike na mchango wa mwaka ulipwe, cha chini shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Hapo pakiwa sawa, uliza kama kituo kina mkataba na SHA, na kama alama za vidole za kumtambulisha zinasomeka (za wazee husumbua). Mkiendelea kuhangaika, asiruke siku ya kusafishwa damu: potasiamu (madini ambayo figo mbovu haziwezi kuyatoa) ikipanda moyo unaweza kusimama. Ndizi na parachichi weka kando, maji ya kunywa apimiwe. Akianza kuhema, mkimbizeni hospitali, karatasi baadaye.