Kabla hujanunua mausi ya gemu, pima meza yako

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wa senta za gemu hapa Arusha, kuanzia Sakina mpaka Njiro, halihusu mbinu. Ni hili: "Braza, nikichukua mausi ya gemu nitapanda daraja?" Jibu langu huwa fupi. Kama unacheza gemu za kulenga kwenye kompyuta, unashindana kweli, na mkononi una mausi ya ofisini, chukua. Ila chukua ya bei ya chini miongoni mwa zile za kweli, yenye waya, na usiongeze hata shilingi juu ya hapo mpaka meza, skrini na mtandao wako vikae sawa. Hiyo nusu ya pili ya jibu wengi hawaipendi.

Tuwatoe kwanza wasiohusika. Kama wewe ni mtu wa mpira kwenye PlayStation, hela yako iende kwenye pedi. Kama ni Free Fire au PUBG Mobile, hizo ni gemu za vidole. Najua wapo wanaochomeka mausi kwenye simu kupitia kifaa cha katikati. Mwandaaji wa shindano akikukuta nacho anakutoa, na ana haki. Wa Dota 2, gemu ya mkakati unayoitazama kutoka juu, wabaki, lakini wasiwe na haraka, kwa sababu kwao kubofya mahali sahihi kuna uzito kuliko kugeuka ghafla, na mausi yoyote isiyosumbua inatosha.

Kwa anayecheza gemu za kulenga kama Counter-Strike 2 au Valorant hali ni tofauti. Mausi ya kawaida ya ofisini huipa kompyuta taarifa mara 125 kwa sekunde, yaani kila baada ya milisekunde 8. Ya gemu hutoa taarifa mara 1,000, kila milisekunde 1, na siku hizi zipo hadi za mara 8,000. Ukisikia hivyo unadhani umegundua kwa nini unakufa kila raundi. Taratibu. Mtu akitokewa na adui ghafla huchukua kama milisekunde 200 au zaidi kabla kidole hakijabofya. Hizo 7 unazookoa zipo kweli, lakini hazijawahi kumpandisha mtu daraja peke yake.

Faida kubwa iko kwenye jicho la mausi, pale chini panapotoka taa. Lile jicho ni kamera ndogo inayopiga picha za uso wa meza mfululizo na kulinganisha kila picha na iliyotangulia, ndipo linajua mkono umekwenda wapi. Ukivuta mkono kwa nguvu, jicho la mausi ya bei poa linapotea: kishale kinaganda, au kinaruka, au unajikuta unatazama juu ya paa wakati adui yuko mlangoni. Jicho kama PMW3360 la kampuni ya PixArt, lililowekwa kwenye mausi nyingi za gemu, linahimili mwendo wa inchi 250 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya mita 6. Kulipoteza hilo kwa mkono juu ya meza ni kazi. Ndiyo maana nasema anayetoka kwenye mausi ya ofisini anunue: mkono ukisogea umbali uleule, silaha nayo igeuke kiasi kilekile, leo na kesho. Bila hilo mazoezi yako yote hayashiki, kwa sababu mkono haujui uzoee nini.

Sasa DPI. Ingia duka lolote la vifaa vya kompyuta barabara ya Sokoine, utaonyeshwa mausi inayowaka rangi zote za upinde wa mvua, na muuzaji atakwambia, "Hii ni DPI elfu kumi na mbili, kaka, hii ni ya mashindano." DPI ni idadi ya hatua ambazo mausi inazihesabu kwa kila inchi unayosogeza mkono. Ikiwa kubwa, kishale kinakimbia mbali kwa mkono mdogo. Shabaha haimo humo. Mchezaji s1mple wa Ukraine, ambaye HLTV, tovuti ya habari za Counter-Strike, ilimtangaza mchezaji bora wa dunia wa Counter-Strike mwaka 2018, 2021 na 2022, amejulikana kwa miaka mingi kwa kutumia DPI 400. Wengi wa kulipwa wako kwenye 400 au 800. Mausi ya gemu ya bei ya chini kabisa inafika hapo bila kutoka jasho, kwa hiyo hiyo elfu kumi na mbili unalipia ya nini?

Hapo ndipo meza inapoingia, na sehemu hii nitaivuta kidogo kwa sababu karibu kila anayeniuliza habari za mausi hajawahi kuifikiria. Chukua Counter-Strike, DPI 400, na wepesi wa ndani ya gemu, ule unaoandikwa sensitivity, uweke 2. Ili mchezaji wako ageuke duara zima, mkono unatakiwa kusafiri kama sentimita 52. Kugeuka nyuma tu ni sentimita 26. Hizo ni hesabu za kawaida kabisa kwa wanaocheza vizuri. Sasa nenda kaangalie meza za senta zetu: kompyuta zimebanana, kibodi kubwa yenye namba pembeni inakula sentimita 44 hivi, jirani ameweka chipsi zake, na mausi imebaki na nafasi ya daftari dogo. Ukikaa hapo unalazimika kupandisha wepesi mpaka kidole kikitetemeka tu silaha inaruka upande wa pili. Mausi ya laki tano haiwezi kukuokoa kwenye nafasi hiyo.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, chukua rula au futi ya fundi cherehani, pima nafasi uliyonayo upande wa mkono wa mausi. Kama haifiki sentimita 30, anza na kibodi: ikalishe mshazari, au tafuta fupi isiyo na namba pembeni. Kisha mkeka wa mausi wa kitambaa, mkubwa, wenye upana wa sentimita 40 au zaidi. Ukiniambia una hela ya kitu kimoja tu wiki hii, na jicho la mausi yako ya sasa halipotei, nitakwambia nenda kachukue mkeka. Meza ya kioo isahau, jicho halioni kitu pale.

Halafu kuna lile la bure ambalo watu hawalifanyi. Kwenye Windows, fungua mipangilio ya mausi, tafuta kisanduku kilichoandikwa Enhance pointer precision, ondoa tiki. Kikiwa kimewashwa, umbali wa kishale unategemea kasi ya mkono, si umbali wa mkono peke yake. Kwa kazi za ofisini ni kizuri, ila kwa anayejenga mazoea ya mkono ni sumu, ingawa gemu kadhaa mpya zina njia ya kukikwepa. Kijana mmoja wa Kijenge aliondoa tiki hiyo mbele yangu akacheza jioni nzima analalamika kwamba nimemharibia. Wiki iliyofuata hakutaka kuirudisha, na habari za kununua mausi mpya zikaishia hapo.

Umbo lina uzito kuliko namba yoyote kwenye boksi. Wapo wanaolaza kiganja chote juu ya mausi, wapo wanaokunja vidole kama kucha, wapo wanaoshika kwa ncha za vidole tu na kiganja kikabaki hewani. Razer DeathAdder, ambayo ya kwanza ilitoka mwaka 2006 na umbo lake halijabadilika sana, inamfaa mwenye mkono mkubwa anayelaza kiganja. Logitech G102 ni ndogo, gramu 85, na inamfaa anayekunja vidole. Kuagiza mausi bila kuishika ni sawa na kununua kiatu cha mtumba kwa kutazama picha. Kama una rafiki mwenye nayo, mwombe ucheze nayo mechi chache.

Na hapa kwetu kuna jambo ambalo wanaoandika kutoka nchi za watu hawalijui. Arusha iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai asubuhi vidole vinakufa ganzi. Nimeona watu wanalaumu mausi msimu wa baridi wakati kilichotakiwa ni kikombe cha chai na kufunga dirisha. Wenzetu wa Moshi, mita 500 na kitu chini yetu, wana taabu ya upande wa pili, yaani jasho. Zile mausi zilizopakwa raba laini pembeni huanza kunata kama gundi baada ya muda, kwa hiyo wao nawashauri plastiki tupu yenye mikwaruzo midogo.

Ukiamua kununua, nenda na laptopu yako au mwombe muuzaji akuchomekee kwenye yake. Akikataa kufungua boksi, aga kwa heshima uondoke. Fungua programu ya kuandikia na ubofye mara moja moja, taratibu, sehemu tofauti za maneno. Bofyo moja likichagua neno zima kana kwamba umebofya mara mbili, swichi ina kasoro, na ugonjwa huo hauponi wenyewe. Kisha weka alama mezani, simamisha kishale kwenye ikoni, vuta mausi kulia kwa nguvu na uirudishe polepole kwenye alama. Kishale kirudi jirani na pale kilipoanzia. Kikienda zake, na ile tiki umeshaiondoa, jicho ni bovu.

Feki zipo, na nyingine zimefungwa vizuri kuliko orijino. Njia ninayoiamini ni kuweka programu ya mtengenezaji kwenye laptopu kabla hujaenda dukani, G HUB kwa Logitech, Synapse kwa Razer, kisha uchomeke mausi. Ikiwa programu haiitambui kabisa, usiinunue hata kwa nusu bei. Wanaoagiza Kariakoo na kutumiwa kwa basi hawana nafasi hii, kwa hiyo wakubaliane na muuzaji kuhusu kurudisha kabla hela haijatumwa, na makubaliano yawe kwa maandishi ya meseji.

Kwa anayechezea senta, ulizia kitu kimoja ambacho hakiandikwi kwa herufi kubwa: je, mausi ina kumbukumbu ya ndani? Kompyuta za senta mara nyingi hazikuruhusu kuweka programu. G102 inahifadhi mipangilio ndani yake, kwa hiyo unapanga DPI nyumbani mara moja, unaichomeka popote, na inakuja na mipangilio yake. Valorant nayo inahifadhi wepesi kwenye akaunti yako. Ukishakuwa na hivyo viwili, kiti chochote mjini kinakuwa chako. Bila hivyo utakuwa unatumia nusu saa ya kulipia kutafuta wepesi wako.

Isiyo na waya? Za siku hizi haziko nyuma ya zenye waya, ilimradi iwe ya gemu kweli inayotumia kipokezi chake cha USB, si Bluetooth. Logitech G Pro X Superlight haifiki gramu 63 na ilitoka mwishoni mwa 2020 kwa dola 150 hivi. Ni nzuri mno, nimeishika. Lakini kile kipokezi ni kidogo kuliko ukucha, na kwenye senta yenye watu ishirini sitaki kukuona ukikitafuta chini ya meza.

Kwa bei hiyo tuangalie skrini. Skrini ya 60 Hz inakuonyesha picha mpya kila milisekunde 16.7, ya 144 Hz kila milisekunde 7 hivi. Hapo unaongeza unachokiona, na adui anayepita kwenye upenyo haruki ruki tena. Ukiwa na laki kadhaa mkononi na skrini yako bado ni ya 60, na kompyuta inaweza kutoa fremu za kutosha, mimi ningekimbilia skrini.

Mtandao nao una yake. Seva za Counter-Strike zilizo karibu nasi ziko Johannesburg, zaidi ya kilomita 2,500 kutoka hapa kwa mstari ulionyooka. Hata taarifa ikienda kwa kasi ya mwanga ndani ya nyaya, kwenda na kurudi hakupungui milisekunde 25, na nyaya hazijanyooka. Kama pingi yako, yaani huo muda wa taarifa kwenda na kurudi, inapanda na kushuka kila dakika, vuta waya kutoka kwenye ruta badala ya kutegemea Wi-Fi ya chumba cha tatu.

Ukishainunua, isafishe. Vumbi letu la kiangazi linajaa kwenye jicho na kwenye vile vimiguu vya plastiki chini, na mausi inaanza kukwaruza. Kijiti cha pamba chenye spiriti kidogo kinatosha. Na chagua DPI moja ukae nayo angalau mwezi. Kubadilisha kila ukipigwa ni kuanza upya kila siku.

Mashoto, ninyi nawapa pole mapema. DeathAdder ya kawaida imeundwa kwa mkono wa kulia, iacheni. G102 ina umbo lililo sawa pande zote mbili, mtaishika bila shida, ila vile vitufe viwili vya pembeni vimewekwa upande wa dole gumba la kulia. Vipangieni kazi isiyo ya haraka, au msivitumie kabisa.